Kumbukumbu katika fasihi: jinsi ya kuichunguza bila kuishia kusimulia kisa upya

Swali la msomaji: Nasoma uzamili wa fasihi ya Kiswahili. Nimependekeza mada "Nafasi ya Kumbukumbu katika Fasihi ya Kiswahili" kwa kutumia riwaya tatu, tamthilia moja na tenzi mbili. Msimamizi amenirudishia pendekezo kwa mara ya pili, anasema nimesimulia visa tu na kumbukumbu yenyewe haionekani. Nichunguze nini hasa? Nithibitisheje ninachosema? Na je, ni lazima niende kuhoji watu?

Jibu:

Ndugu yangu, msimamizi wako ameona sawasawa, ila kosa haliko kwenye juhudi yako. Liko kwenye mada. Karibu kila kazi ya fasihi inasimulia mambo yaliyokwisha kupita. Ukiyaita yote hayo kumbukumbu, umejitwika fasihi nzima, na utakachoweza kufanya ni kueleza tu kwamba kitabu hiki kinasema hivi na kile kinasema vile. Ndicho kilichokupata.

Kumbukumbu huchunguzika pale penye nyakati mbili: siku jambo lilipotukia na siku linapokumbukwa. Kati ya siku hizo mbili pana umbali, na umbali huo ndio shamba lako. Nani anakumbuka? Yuko wapi, na imepita miaka mingapi? Anamwambia nani? Kipi amekibeba, kipi amekiacha, kipi amekihamisha kutoka mahali pake? Penye wakati uliopita lakini hapana anayekumbuka wala alama ya kukumbuka, hapo pana usimulizi wa kawaida. Usipaingize kwenye data yako hata kama pamekugusa.

Anza kwa kupunguza. Kazi sita ni nyingi mno kwa tasnifu ya uzamili, na tena ni za tanzu tatu. Bakiza mbili au tatu, na uzichague kwa kigezo kimoja: ziwe zinakumbuka jambo lilelile kutoka umbali tofauti. Bila hivyo hutakuwa na cha kulinganisha. Nitatumia mfano wa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, ambavyo watu wa kusini mwa Tanganyika walipigana na Wajerumani wakiamini maji ya dawa yatawakinga na risasi, kwa kuwa vina utenzi, tamthilia na riwaya, tanzu zilezile ulizozitaja. Ukipendelea jambo jingine, tuseme Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, utaratibu haubadiliki.

Kabla ya kurudia kusoma ukurasa wowote, andika tarehe nne kwa kila kazi: tukio lilipotokea, kazi ilipotungwa, ilipochapishwa, na wakati ambao msimulizi au mhusika ndani ya kazi anazungumza. Wanafunzi wengi huandika ile ya kuchapishwa peke yake, na hapo ndipo uchambuzi unapopinda. Tazama Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Tafiti nyingi zinarejelea chapa ya 1957. Ukiichukua 1957 kuwa ndiyo siku ya kukumbuka, utauona utenzi kama sauti ya miaka ya TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, na utakuwa umepotea kabisa. Ulitungwa miaka michache tu baada ya vita, Wajerumani wakiwa bado ndio watawala, na mtunzi akiishi katika mji wa pwani uliokuwa mikononi mwao. Swali la kuuliza hapo ni hili: mtu wa Lindi aliweza kusema nini waziwazi wakati huo, na msikilizaji wake alikuwa nani? Sasa weka kando yake tamthilia ya *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969: miaka 64 tangu vita vianze, minane baada ya uhuru, miwili baada ya Azimio la Arusha. Halafu weka riwaya ya *Afterlives* ya Abdulrazak Gurnah ya 2020, zaidi ya miaka 110 baadaye, iliyoandikwa kwa Kiingereza na Mzanzibari aliyeishi Uingereza karibu maisha yake yote ya utu uzima.

Sasa nadharia inakuwa na kazi ya kufanya. Maurice Halbwachs, Mfaransa, alionyesha mwaka 1925 kwamba mtu hakumbuki peke yake. Jamaa, dini, tabaka na kikundi chake ndivyo vinavyompa viunzi vya kukumbukia. Jan Assmann, Mjerumani, akaongeza mpaka unaokufaa sana. Ipo kumbukumbu inayopokezwa kwa mdomo kati ya watu wanaofahamiana, nayo hudumu takriban miaka 80 hadi 100, yaani vizazi vitatu au vinne. Ikipita hapo hufa, au huhamia kwenye maandishi, sherehe, sanamu na majumba ya makumbusho. Pima kazi zako kwa kipimo hicho. Utenzi uko ndani kabisa ya kumbukumbu ya mashahidi. Mwaka 1969 ulikuwa mpakani: waliokuwa watoto wakati wa vita walikuwa wazee, na mwaka mmoja kabla yake watafiti wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wakikusanya masimulizi yao kusini. Mwaka 2020 hapakuwa na shahidi hata mmoja, na mwishoni mwa riwaya ya Gurnah kijana Ilyas anautafuta mwisho wa mjomba wake, aliyekuwa askari wa Wajerumani, kwenye nyaraka za Ujerumani badala ya vinywani mwa wazee. Umbo la riwaya lenyewe limebadilika kwa sababu chanzo cha kumbukumbu kimebadilika. Sentensi ya namna hiyo ni hoja. "Mwandishi anatukumbusha historia yetu" si hoja.

Hapa kwenye *Kinjeketile* nikae kidogo, maana ndipo utakapoona namna ya kuthibitisha. Kinjeketile Ngwale wa historia, mganga wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Shambulio kubwa la boma la Mahenge, ambako bunduki za rashasha ziliwafyeka wapiganaji waliokunywa maji, lilitokea mwishoni mwa mwezi huohuo. Kwa hiyo Kinjeketile halisi hakuiona Mahenge. Kinjeketile wa tamthilia yu hai hadi baada ya kushindwa huko, yuko kifungoni pamoja na Kitunda, mwenzake wa vita, na anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo.

Mchambuzi wa haraka atasema mwandishi amekosea historia, au atasema ni ubunifu tu na kupita. Yote mawili yanaitupa data bora uliyonayo. Uliza: kifo kimesogezwa kutoka wapi kwenda wapi, na kimepata nini huko kilikopelekwa? Kimesogezwa ili aliyetoa neno, yaani habari ya maji, akutane uso kwa uso na waliokufa kwa ajili ya neno lake. Kisha soma anachokataa. Hakatai kukiri kwa sababu bado anaamini maji yanazuia risasi, shaka imeshamwingia. Anakataa kwa sababu anajua akikiri, watawala watawaambia watoto kwamba wazee wao walikosea kupigana. Anasema neno limezaliwa, na kwamba wajukuu watalisikia. Mtu aliyefungwa mwaka 1905 anagombania namna atakavyokumbukwa, na wajukuu anaowataja ndio hao waliokaa ukumbini mwaka 1969. Tarehe mbili ulizoziandika mwanzoni zimekutana katika hotuba moja. Ukiongeza kwamba Nyerere, akizungumza Umoja wa Mataifa mwaka 1956, alivitaja vita hivyo kama chimbuko la kudai uhuru, unapata mnyororo: kumbukumbu ilipita kwenye siasa ya uhuru kabla ya kufika jukwaani, na tamthilia inaipokea na kuitilia maswali kwa pamoja. Hussein mwenyewe alitahadharisha katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa. Unukuu utangulizi huo, lakini usiutumie kama ruhusa ya kuacha kulinganisha.

Angalizo la chanzo: Hussein aliitafsiri tamthilia hii kwa Kiingereza yeye mwenyewe, ikatoka 1970. Nukuu kutoka toleo la Kiswahili, kwa ukurasa wa chapa uliyonayo mkononi, na uitaje chapa hiyo. Usinukuu maneno yake kutoka makala ya Kiingereza ukayarudisha kwa Kiswahili chako; mtahini akikugundua, ataitilia shaka tasnifu yote.

Sasa kazi ya mikono. Soma kila kitabu mara tatu. Mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili tia alama kila mahali panapokumbukwa jambo. Mara ya tatu jaza jedwali, mstari mmoja kwa kila kifungu, wenye safu hizi: ukurasa (au ubeti), anayekumbuka, kichocheo, yaani harufu, jina, mahali, picha au swali lililomfanya akumbuke, jambo linalokumbukwa na lilitokea lini, anayeambiwa, urefu wa kifungu kwa mistari, viambishi vya wakati vilivyotumika, na kinachobadilika baada ya kukumbuka. Safu hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo huachwa tupu. Mhusika akikumbuka na hakuna kinachobadilika katika uamuzi wake, katika uhusiano wake wala katika anachokijua msomaji, basi kifungu hicho ni cha kujaza maelezo, na huna haja ya kukichambua. Riwaya ya kawaida itakupa vifungu 30 hadi 60. Usivichambue vyote. Chagua kati ya 8 na 12 vya kusomwa kwa karibu, na hivyo vingine vitumie kuonyesha ruwaza: nani anakumbuka sana, nani hapewi nafasi ya kukumbuka kabisa, vichocheo vya aina gani vinarudi.

Kwa upande wa muda katika usimulizi, zana za Gérard Genette za mwaka 1972 bado hazina mpinzani, na zinatosha tatu: mpangilio, muda na marudio. Mpangilio ni kisengere nyuma na kisengere mbele, yaani masimulizi kurudi nyuma au kuruka mbele, unavijua. Muda ni uwiano wa miaka na kurasa: miaka kumi ikipita katika aya moja na usiku mmoja ukachukua kurasa 20, umeonyeshwa mahali kumbukumbu inapouma. Marudio ni tukio moja kusimuliwa mara ngapi, na na nani. Likisimuliwa mara tatu, ziweke kauli zote tatu sambamba na utafute neno lililobadilika. Mara nyingi hoja ya sura nzima imejificha hapo.

Kiswahili kinakupa zana nyingine ambayo vitabu vya nadharia vya Ulaya haviwezi kukuonyesha: viambishi vya njeo na hali, yaani vinavyoonyesha wakati wa tendo na kama linaendelea au limekamilika. Tuchukue *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa kwa makadirio mwanzoni mwa karne ya 19 kuhusu mabaki ya Pate, mji wa kisiwani kaskazini mwa pwani ya Kenya. Ubeti mmoja unaanza hivi:

*Nyumba zao mbake zikinawiri*

na unaeleza usiku uliokuwa ukiangaza kama mchana kwa wingi wa taa. Mbele kidogo, ubeti mwingine:

*Nyumba zao mbake ziwele tame*
*Makinda ya popo iyu wengeme*

Mstari huo wa pili unasema makinda ya popo yananing'inia juu. Lakini kipande cha kwanza, *Nyumba zao mbake*, ni kilekile, neno kwa neno. Kinachobadilika ni kitenzi. *Zikinawiri* ina *-ki-* ya jambo lililokuwa likiendelea, lisilo na mwisho machoni pa waliokuwemo. *Ziwele* ni hali iliyokamilika: zimeshakuwa mahame, na ndivyo zilivyo. Mshairi hasemi "zamani" na "sasa". Amekifanya kipande kilekile kipite mara mbili, na msikilizaji ndiye anayekumbuka kwamba alishakisikia. Kisha angalia mahali kina cha mwisho cha kila ubeti kinapoangukia: *-ye*. Mara nyingi ni *-ye* ileile ya vitenzi vya hali iliyokamilika katika lahaja za kaskazini, kama *walitandiye*, *waikaliye*. Ubeti baada ya ubeti unafungwa na jambo lililokwisha na likabaki hivyo. Na katikati yake utakuta *bumu hukoroma*, *hu-* ya mazoea: wenye nyumba wamo katika hali iliyokamilika, bundi ndiye mwenye maisha ya kila siku. Mtu akikuuliza kumbukumbu iko wapi katika utenzi huo, utamwonyesha kwa kidole. Pia usisahau anayeambiwa: mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe, si hadhira ya mjini, na hilo hubadilisha kazi ya kumbukumbu kutoka kusifu ukoo hadi kujionya.

Tenzi za namna hii zilihifadhiwa kwa hati za Kiarabu na vichwani mwa watu, kwa hiyo idadi na mpangilio wa beti hutofautiana kutoka nakala moja hadi nyingine. Taja toleo unalolitumia, na usijenge hoja juu ya "ubeti wa 40 ndio kitovu" kabla ya kulinganisha angalau matoleo mawili.

Suala la usahaulifu na ukimya ndilo linalowaponza wengi, kwa sababu linavutia. Mwanafunzi anaandika "mwandishi amenyamazia jambo fulani" na hana ushahidi ila kwamba jambo hilo halimo. Lakini mambo yasiyomo kitabuni hayana idadi. Ukitaka kudai ukimya, timiza masharti matatu. Jambo lilijulikana wakati wa kutunga, na una chanzo cha nje kinachothibitisha. Maandishi yanafika mlangoni pa jambo hilo. Na hapo mlangoni pana alama: mazungumzo yanabadilishwa ghafla, muhtasari unaruka miaka, mhusika anaulizwa na hajibu. Mfano: njaa iliyofuata Vita vya Maji Maji, baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala ya chakula, iliua watu wengi kuliko risasi, na haimo katika *Kinjeketile*. Je, huo ni ukimya? Kwa masharti haya, hapana. Tamthilia inaishia kabla ya njaa, haifiki mlangoni. Unachoweza kudai ni kwamba mwandishi amechagua kuifunga kumbukumbu kwenye neno na kushindwa, kabla ya mateso ya raia, na kwamba uchaguzi huo una athari juu ya anayepata kukumbukwa. Dai hilo ni dogo kuliko "kunyamazia", lakini linasimama.

Makosa mengine ni ya kawaida, nami nitayapitia haraka. Usimchanganye mwandishi na msimulizi, hasa pale msimulizi anaposema "mimi"; hata katika tawasifu, "mimi" wa miaka kumi anayesimuliwa na "mimi" wa miaka hamsini anayesimulia ni watu wawili kwa uchambuzi wako. Usijifanye hakimu wa ukweli: ukishaonyesha kwamba kumbukumbu inatofautiana na rekodi, ndipo kazi inaanza. Usiweke Halbwachs katika sura ya pili kisha asionekane tena hadi marejeleo. Kila unapochambua kifungu, jiulize kama ungeweza kuandika aya ileile bila nadharia. Kama ungeweza, nadharia hiyo huihitaji, iondoe. Na usikusanye nadharia nne. Mbili zinatosha, moja ya jamii na moja ya usimulizi, mradi zinakutana katika kila sura ya uchambuzi.

Mada yako mpya inaweza kusomeka hivi: "Kumbukumbu ya Vita vya Maji Maji katika utenzi, tamthilia na riwaya: athari za umbali wa wakati kwa umbo la kazi". Maswali ya utafiti yawe matatu: nani anakumbuka na kwa ajili ya nani, ni nini kilichohamishwa kati ya rekodi ya historia na kazi ya fasihi, na kwa faida gani, na ni vipengele gani vya lugha na muundo vinavyobeba umbali huo. Kama idara yako hairuhusu kazi iliyoandikwa kwa Kiingereza, acha Gurnah ubaki na utenzi na tamthilia. Tasnifu haitapungua, pengo la miaka ya kati litaonekana hata vizuri zaidi.

Kuhusu kuhoji watu: si lazima. Data yako ni matini. Wahoji tu kama umeweka swali juu ya upokezi, yaani jinsi wasomaji au watazamaji wa leo wanavyoikumbuka vita kupitia kazi hizo. Ukifanya hivyo, Songea panafaa kuliko Dar es Salaam, kwa sababu kuna Makumbusho ya Maji Maji na kumbukizi ya kila mwaka ya mashujaa wa Kingoni walionyongwa tarehe 27 Februari 1906; huko sura ya vita ni Nduna (jemadari wa Kingoni) Songea Mbano, na Kinjeketile hayuko mbele. Omba kibali cha utafiti mapema, watu 10 hadi 15 wanatosha, na usianze kwa kuuliza "unakumbuka nini kuhusu Maji Maji?", kwani utajibiwa yale ya darasani. Uliza kwanza nani alimsimulia, akiwa na umri gani, wapi, wakifanya kazi gani. Rekodi sauti kwa ridhaa yake, andika maneno yake kama alivyoyatamka pamoja na kusita kwake, na usiyasafishe kuwa Kiswahili sanifu kabla ya kuyachambua.